NCHI JIRANI: Mshahara na Makato Yake Nchini Kenya

Katika muda wa miaka michache iliyopita, hakuna karatasi iliyozusha ubishi mwingi katika nchi jirani ya Kenya kuliko ile ndogo anayopewa mfanyakazi mwisho wa mwezi, yenye kuonyesha alichopata na alichokatwa. Imejadiliwa Bungeni, imefikishwa mahakamani mara kwa mara, na mwezi Juni mwaka 2024 suala la kodi liliwatoa vijana barabarani mjini Nairobi na katika miji mingine mingi. Tarehe 25 ya mwezi huo waandamanaji waliingia katika majengo ya Bunge na watu wakapoteza maisha. Siku iliyofuata Rais William Ruto akakataa kuutia saini Muswada wa Fedha wa mwaka ule. Habari zilizotufikia huku zilikuwa zaidi za maandamano. Makato yenyewe yalielezwa kidogo: yanatoka wapi, yanakwenda wapi, na nani hasa anayeumia. Hayo ndiyo tutakayoyazungumza leo.

Msingi wa yote ni Sheria ya Ajira ya mwaka 2007. Sheria hiyo inamtazama mfanyakazi kuwa mtu anayehitaji kulindwa asije akanyang'anywa jasho lake kwa hila. Inataka mshahara ulipwe unapostahili kulipwa: kibarua wa siku alipwe siku ile ile, na mwajiriwa wa muda usio na kikomo alipwe kila mwisho wa mwezi. Inataka pia mwajiriwa asiye kibarua apewe hati yenye kuonyesha mshahara wake kabla ya makato, kila kato pamoja na sababu yake, na kiasi kinachobaki. Kisha kifungu cha 19 kinaweka mpaka ambao wafanyakazi wa Kenya wanaujua kwa moyo: makato yote kwa jumla yasizidi theluthi mbili za mshahara. Maana yake ni kwamba hata mtu akiwa na mikopo ya benki, mkopo wa chama cha akiba na mikopo, kodi na michango ya kila aina, hapana budi theluthi moja ya mshahara wake ifike nyumbani.

Kifungu hicho hicho kina jambo jingine ambalo halisemwi sana. Mwajiri anayekata fedha kwa mfanyakazi kwa ajili ya mchango uliowekwa na sheria, kisha asiupeleke unakotakiwa, ametenda kosa la jinai, na adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 100,000 za Kenya au kifungo kisichozidi miaka miwili, au vyote viwili. Kwa mwajiri mkubwa faini hiyo ni ndogo mno. Mtu anaweza kukata fedha za wafanyakazi mia moja kwa miezi kadhaa na bado akaiona faini kuwa ni gharama ndogo ya biashara. Kwa bahati nzuri, sheria za michango yenyewe zina adhabu zake za ziada kwa kila mwezi wa ucheleweshaji.

Sasa tuingie katika makato. La kwanza ni kodi ya mapato, ile tunayoiita Lipa Kadiri Upatavyo. Viwango vilivyotumika kuanzia Julai 2023, na ambavyo vilikuwa vingali vikitumika mwaka 2025, ni hivi: shilingi 24,000 za kwanza za mwezi hutozwa asilimia 10; shilingi 8,333 zinazofuata hutozwa asilimia 25; kutoka hapo mpaka shilingi 500,000 ni asilimia 30; halafu asilimia 32.5 mpaka shilingi 800,000, na asilimia 35 kwa kinachozidi hapo. Kila mkaazi anapewa nafuu binafsi ya shilingi 2,400 kwa mwezi, ambayo hutolewa katika kodi iliyokwisha kupigiwa hesabu. Kwa hiyo mwenye mshahara wa shilingi 24,000 au pungufu halipi kodi ya mapato hata senti moja. Msikilizaji aliweke jambo hilo akilini, kwa sababu tutalirudia.

Ngazi ile ya chini ya shilingi 24,000 na nafuu ya shilingi 2,400 ziliwekwa mwezi Aprili mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa Korona, kwa nia ya kumpunguzia mfanyakazi mzigo. Miaka mitano baadaye zilikuwa hazijaguswa, ingawa bei za unga, sukari na nauli zilikuwa zimepanda mara nyingi. Ngazi za kodi zikikaa pale pale huku bei na mishahara vikipanda, watu huingizwa katika kodi kubwa zaidi pasipo sheria yoyote mpya kutungwa. Ni njia ya kuongeza kodi isiyohitaji muswada wala mjadala, na ndiyo maana nchi nyingi hupenda kuisahau.

Kato la pili ni la Hazina ya Taifa ya Hifadhi ya Jamii, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1965. Kwa miaka mingi mchango wake ulikuwa shilingi 200 kutoka kwa mfanyakazi na shilingi 200 kutoka kwa mwajiri, awe mfagizi au meneja. Ukizidisha shilingi 400 kwa miezi 12 na kwa miaka 20 unapata shilingi 96,000 kabla ya faida. Huo haukuwa uzee wa kutegemea. Bunge la Kenya liliona kasoro hiyo likapitisha sheria mpya mwaka 2013, ambayo inataka mfanyakazi achangie asilimia 6 ya mshahara na mwajiri naye achangie kiasi hicho hicho, mpaka kikomo fulani cha mshahara ambacho hupandishwa mwaka hadi mwaka.

Sheria hiyo ilikaa karibu miaka kumi bila kutekelezwa, kwani ilipingwa mahakamani. Mwezi Septemba 2022 Mahakama ya Ajira na Uhusiano wa Kazini iliitangaza kuwa kinyume cha Katiba. Mwezi Februari 2023 Mahakama ya Rufani ikautengua uamuzi huo kwa hoja kwamba mahakama ile haikuwa na mamlaka ya kulisikiliza shauri. Basi makato mapya yakaanza mwezi ule ule. Februari 2024 Mahakama ya Juu ikasema mamlaka ilikuwa nayo, na ikalirudisha shauri katika Mahakama ya Rufani ili kiini chake kisikilizwe. Wakati wanasheria wakibishana juu ya nani mwenye haki ya kusikiliza, kikomo kiliendelea kupanda. Mwaka wa kwanza mchango mkubwa kabisa wa mfanyakazi ulikuwa shilingi 1,080. Februari 2024 ukawa 2,160. Februari 2025 ukawa 4,320. Kutoka shilingi 200 mpaka shilingi 4,320 katika muda wa miaka miwili si jambo dogo kwa mtu aliyekwisha kupanga ada za watoto na kodi ya nyumba.

Kato la tatu ni la matibabu. Mfuko wa zamani wa bima ya hospitali ulikuwa na ngazi zake: mwenye kupata shilingi 24,000 alilipa 750, mwenye 50,000 alilipa 1,200, na kuanzia 100,000 kwenda juu, hata kama ni milioni moja, kila mtu alilipa 1,700. Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya mwaka 2023 ilifuta ngazi hizo na kuweka asilimia 2.75 ya mshahara wote, bila kikomo cha juu. Mwezi Julai 2024 Mahakama Kuu iliipinga, lakini Mahakama ya Rufani ikaruhusu kazi iendelee, na makato mapya yakaanza tarehe 1 Oktoba 2024. Kwa upande wa haki baina ya tajiri na maskini, badiliko hili lina ubora wake. Mwenye milioni moja sasa analipa shilingi 27,500, na yule wa shilingi 24,000 analipa 660, yaani pungufu kidogo ya alivyokuwa akilipa zamani.

Kato la nne ndilo lililotia watu uchungu zaidi: la nyumba. Hapa yafaa tukumbuke kwamba Sheria ya Ajira, katika kifungu cha 31, ilikwisha kumtaka mwajiri ampe mfanyakazi nyumba ya kufaa au amlipe fedha za kutosha za pango juu ya mshahara wake. Amri ya kima cha chini cha mshahara nayo huongeza asilimia 15 kwa ajili ya pango. Kwa mfano, Novemba 2024 kima cha chini cha kibarua wa kawaida katika miji mikubwa kiliwekwa kuwa shilingi 16,113.75 kwa mwezi, pasipo kuhesabu posho ya nyumba. Kwa hiyo wajibu wa nyumba katika sheria ya kazi ya Kenya uliwekwa begani mwa mwajiri tangu zamani. Kilichofanywa na sheria za karibuni ni kuongeza mzigo wa pili, na safari hii mfanyakazi naye anaubeba.

Historia ya kato hili inafundisha kuliko makato mengine yote. Lilipoletwa mara ya kwanza katika Sheria ya Fedha ya mwaka 2018 lilikuwa na sura ya akiba: mfanyakazi achange asilimia 1.5, mwajiri achange asilimia 1.5, na mchangiaji aweze kuzitumia fedha hizo kununua nyumba, au azipate baadaye kwa njia nyingine akikosa nyumba. Mahakama ilisimamisha utekelezaji. Muswada wa Fedha wa mwaka 2023 uliporudisha jambo hilo ulikuja na asilimia 3, bado ukiwa na ahadi ya mtu kurudishiwa chake baada ya miaka saba. Ulipotoka Bungeni asilimia zilikuwa zimeshuka mpaka 1.5, na ahadi ya kurudishiwa ilikuwa imetoweka. Akiba ilikuwa imegeuka kodi. Wengi walifurahia kupungua kwa asilimia. Waliosoma mpaka mwisho ndio waliotambua kilichopotea.

Tarehe 28 Novemba 2023 majaji watatu wa Mahakama Kuu walitoa hukumu kwamba kato hilo lilikuwa kinyume cha Katiba. Hoja zao mbili zafaa kuelezwa. Ya kwanza, hapakuwa na utaratibu kamili wa kisheria wa kulisimamia. Ya pili, lilimtoza mwenye ajira rasmi peke yake na kumwacha mwenye kipato cha namna nyingine, bila sababu ya msingi ya kuwatenga watu hao wawili. Tarehe 26 Januari 2024 Mahakama ya Rufani ilikataa kuruhusu makato yaendelee huku rufani ikisubiriwa. Serikali haikukaa kitako. Iliandika sheria nyingine kabisa, Sheria ya Nyumba Nafuu, iliyotiwa saini tarehe 19 Machi 2024, ikiwa na asilimia ile ile ya 1.5 kwa mfanyakazi na 1.5 kwa mwajiri, lakini sasa ikawajumuisha na watu wasioajiriwa. Mwezi Oktoba 2024 Mahakama Kuu iliikubali sheria hiyo.

Kwa maandishi, basi, ubaguzi umeondolewa. Kwa vitendo, mshahara ni rahisi kukatwa kuliko kitu kingine chochote. Hesabu ya mwajiri inakwenda kwa Mamlaka ya Mapato kila mwezi. Fundi wa kuchomelea vyuma kule Gikomba hana mwajiri wa kumkatia, na karani wa kodi hajui jana aliuza milango mingapi. Hili si la Kenya peke yake. Kila serikali katika eneo letu inajua kwamba mwenye mshahara ni mbuzi aliyefungwa kamba.

Ili tuone matokeo, tuwachukue wafanyakazi wawili wa kufikirika. Mmoja ana mshahara wa shilingi 50,000, mwingine ana shilingi 24,000. Mwaka 2022 yule wa kwanza alikatwa 200 za uzeeni, 1,200 za hospitali na kodi ya kiasi cha 7,143, akabaki na shilingi 41,457 hivi. Katikati ya mwaka 2025 alikatwa 3,000 za uzeeni, 1,375 za afya, 750 za nyumba na kodi ya kiasi cha 5,846, akabaki na shilingi 39,029. Amepungukiwa na shilingi 2,400 na ushei, ambazo ni kama asilimia 4.9 ya mshahara wake. Yule wa pili mwaka 2022 alikatwa 200 na 750, hakulipa kodi, akabaki na 23,050. Mwaka 2025 alikatwa 1,440 za uzeeni, 660 za afya na 360 za nyumba, akabaki na 21,540. Amepungukiwa na shilingi 1,510, yaani asilimia 6.3. Aliye chini amepoteza sehemu kubwa zaidi kuliko aliye juu yake.

Msikilizaji atauliza, imekuwaje, maana mchango wa afya kwa huyu mdogo umepungua, na asilimia za nyumba ni zile zile kwa wote? Jibu limo katika kodi. Sheria ya Marekebisho ya Kodi iliyoanza kutumika tarehe 27 Desemba 2024 iliruhusu michango ya afya na nyumba itolewe katika mshahara kabla ya kodi kupigiwa hesabu, kama ilivyokuwa kwa michango ya uzeeni. Ilitangazwa kuwa ni nafuu kwa wafanyakazi, na kwa yule wa shilingi 50,000 ni nafuu kweli: kodi yake ilishuka kwa karibu shilingi 1,300 kuliko mwaka 2022, na hivyo Serikali ikabeba sehemu ya michango yake. Lakini yule wa shilingi 24,000 hakuwa na kodi ya kupunguziwa. Nafuu haiwezi kumfikia mtu kupitia mlango ambao hapiti. Na kadiri mtu anavyokuwa katika ngazi ya juu ya kodi, ndivyo nafuu hiyo inavyomfaa zaidi.

Haki inatutaka tuseme na upande wa pili. Zile shilingi 1,440 za uzeeni hazikupotea; ni mali ya mfanyakazi, na mwajiri ameweka nyingine 1,440 juu yake. Akiba yake ya mwezi imetoka 400 na kufika 2,880. Anayesema kwamba michango yote ni wizi anasahau hali ya wazee waliostaafu kwa mfumo wa shilingi mia mbili. Mchango wa afya nao ni bima, na thamani yake inategemea kama mtu akienda hospitali kadi itapokewa. La nyumba ni tofauti. Mchangiaji hapati akiba wala dai lolote. Akitaka nyumba zinazojengwa kwa fedha hizo ataomba na kununua kama mtu mwingine yeyote. Shilingi 360 za mtu wa kipato cha chini zinajenga nyumba ambayo huenda asiweze kuinunua, na hapo ndipo hoja ya wapinzani wa kato hili ina nguvu ambayo hukumu ya mahakama haikuiondoa.

Nyuma ya hayo yote ipo theluthi moja. Mtu aliyekopa mwaka 2022, benki ikapiga hesabu kwa mshahara uliobaki wakati ule, alijikuta mwaka 2025 michango mipya imeingia mbele ya mkopo wake. Waajiri nao wamejikuta katikati: sheria za michango zinawaamuru wakate, mkataba wa mkopo unawaamuru wakate, na Sheria ya Ajira inawakataza kuvuka theluthi mbili. Ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zimetaja mara nyingi watumishi wa serikali za kaunti wanaopokea chini ya theluthi. Bunge lilipoongeza makato lingepaswa kusema ni kato gani linalosimama pindi mpaka unapofikiwa.

Yapo pia mambo mema yaliyopita kimya. Tangu Desemba 2024 mwajiri anaweza kumpa mfanyakazi chakula cha thamani isiyozidi shilingi 5,000 kwa mwezi bila kutozwa kodi, na manufaa mengine yasiyo ya fedha hayatozwi mpaka yafike shilingi 60,000 kwa mwaka. Zamani ilikuwa 36,000. Sheria ya Fedha ya mwaka 2025 ilimlazimisha mwajiri kuzingatia nafuu zote anazostahili mfanyakazi pale anapopiga hesabu ya kodi, badala ya kumwachia mfanyakazi kazi ya kuidai Mamlaka ya Mapato imrudishie. Kwa anayejua foleni za madai ya kodi, hilo ni jambo la maana.

Na wapo wasiopata karatasi kabisa. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira kinasema kwamba kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa siku zinazofikia mwezi mmoja ahesabiwe kuwa mwajiriwa wa mwezi, mwenye haki ya taarifa kabla ya kuachishwa. Kila mchango wa uzeeni au wa nyumba unapopanda, mwajiri analipa nusu yake, na kishawishi cha kumwachisha kibarua siku ya ishirini na tano na kumchukua tena wiki inayofuata kinaongezeka. Mtu huyo hukosa likizo ya siku 21 na akiba ya uzeeni. Na mwanamke hukosa miezi mitatu ya uzazi yenye malipo.

Kwetu Tanzania mambo haya si ya kutazamwa kwa mbali. Mchango wa hifadhi ya jamii hapa ni asilimia 20 kwa mfanyakazi na mwajiri pamoja, na Bunge letu lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Zaidi ya hayo, Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, inampa mfanyakazi wa nchi moja haki ya kufanya kazi katika nchi nyingine na kupata hifadhi ya jamii kama wenyeji. Ibara ya 10 inaliagiza Baraza la Mawaziri litoe maelekezo na kanuni za manufaa hayo. Wazee wa Jumuiya iliyovunjika mwaka 1977 wanakumbuka jinsi walivyosubiri mafao yao, na kwamba makubaliano ya kugawana mali na madeni yalitiwa saini Arusha miaka saba baadaye, mwaka 1984. Leo mwalimu wa Kitanzania anayefundisha Nairobi anakatwa asilimia 6 ya mshahara wake mpaka kikomo, pamoja na asilimia 2.75 ya afya na 1.5 ya nyumba, sawasawa na mwenzake wa Kenya. Siku atakaporudi Moshi, miaka yake ya uchangiaji wa huko itabidi ijumlishwe na ya hapa kwa kanuni inayoeleweka, la sivyo atakuwa na akiba mbili ndogo katika nchi mbili.